Depite na Dawa Zilizopita Tarehe

Lushebere, 1 Septemba 2012

Mvua ya kwanza imeingia leo mchana, na bati la duka langu limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Basi naanza kuandika. Padri mmoja aliyetufundisha Butembo alikuwa akisema kwamba mtu anayeandika kidogo kila siku hupunguza uongo. Nina miaka hamsini na mbili na uongo wangu haujapungua, lakini kuanzia leo angalau utakuwa na tarehe.

Mimi ni Eugène, Mnande, mfanyabiashara. Nauza chumvi, sabuni, betri za redio, na kwenye rafu ya juu, dawa. Sikusomea dawa. Ila hapa, kati ya kambi ya waliokimbia vita na barabara ya Masisi-centre, mwenye rafu ya dawa huitwa munganga hata akikataa, na mimi sikukataa kwa nguvu sana.

2 Septemba

Jumapili. Mahubiri marefu kuliko misa.

3 Septemba

Leo Depite ameenda kazini. Depite ni nguruwe wangu dume. Nilimpa jina hilo kwa sababu, kama mbunge, anazunguka mlima wote kwa shangwe, anakula kwa kila mtu, halafu anarudi kulala na hajui amemwachia nani nini. Desturi yetu ni hii: mwenye jike huja kumchukua dume kwa kamba, hukaa naye siku chache, kisha humrudisha. Jike akizaa, mwenye dume huitwa achague mtoto mmoja kabla ya yeyote. Hasemi kitu, ananyoosha kidole tu. Mwenye jike ndiye humfunga yule mtoto uzi wa mgomba mguuni. Huyo ndiye mtoto wa kamba. Uzi ukishafungwa, neno limekwisha.

Safari hii aliyekuja ni Mama Nyirabagenzi, mjane aliyekimbia Kirolirwe. Kwao walikuwa watu wa ng'ombe. Ng'ombe zilipoliwa na vita akaanza nguruwe, na ndugu zake hawajamsamehe bado. Nguruwe zake ni wembamba, wana masikio makubwa kuliko akiba yao. Namtania kila akija.

"Mama, ile jike yako iko nakohoa. Nikupe hata vidonge mbili?"

"Hapana, Papa Eugène. Hoteli ya Goma inataka nguruwe yenye haijakula dawa. Wanasema iko bio."

"Bio njo nini?"

"Njo kusema mimi ni masikini, na wazungu wanapenda vile."

Depite wangu si bio. Dawa ikipita tarehe sokoni haiuziki, na Mnande hatupi kitu. Kwa hiyo kila asubuhi nachukua kidonge cha tetra, kile cha rangi mbili, nakifungua kwa kidole gumba, tak, namwaga unga kwenye machicha ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Tetra ikiisha nampa Bactrim, au ampi iliyobaki. Anang'aa kama kiatu cha Jumapili. Hajawahi kukohoa.

6 Septemba

Mama Nyirabagenzi amemrudisha Depite, na tumepata bahati mbaya. Walipofika mlangoni Depite akasikia harufu ya machicha, akachomoka. Kamba ilikuwa imezunguka mkono wa mama. Alipovuta, Depite akageuza kichwa, na jino lake likaingia kati ya kidole gumba na kiganja, mkono wa kulia. Damu ilitoka nyingi, lakini mama hakulia. Alisema tu, "Depite yako haina adabu," akakaa kwenye gunia la chumvi.

Watu walijaa. Mimi nikawa munganga. Nilifungua vidonge vya tetra mbele ya wote, tak, tak, tak, nikamwaga unga mpaka jeraha likawa la njano, nikafunga na kitambaa. Nikakataa malipo. Wakanipigia makofi kidogo.

Jioni mke wangu Kyakimwa, anayeniita kwa jina la binti yetu, aliniambia, "Papa Kétsia, leo umekuwa munganga kabisa. Umesahau tu maji na sabuni, na sabuni tunauza."

7 Septemba

Mvua.

9 Septemba

Mvua. Chumvi imelowa.

14 Septemba

Amefika daktari wa mifugo kutoka Goma, kijana mpole anaitwa Bienvenu, na sanduku la baridi begani. Anazunguka kwa wafugaji wa nguruwe, wanaotumia dawa na wasiotumia, anachukua uchafu wa nguruwe kwa kijiti chenye pamba. Anataka kujua wadudu wale wadogo wasioonekana wa upande gani wamezoea dawa. Ameshapita nyumba nyingi. Alimpima jike wa Mama Nyirabagenzi, halafu akaja kwa Depite. Depite hakupenda. Hata mbunge wa kweli hajawahi kuguswa vile na wapiga kura.

"Papa, huyu anakula dawa gani?" akauliza, kalamu tayari.

"Vitamini," nikasema.

Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa amesoma, na mimi ni munganga wa rafu. Kyakimwa alikuwa anapepeta maharagwe. Alinitazama, akarudia maharagwe yake. Padri, uongo wangu una tarehe.

20 Septemba

Jeraha la mkono wa Mama Nyirabagenzi limefunga. Ameuonyesha kanisani, na kiongozi wa kwaya amenishukuru mbele ya watu. Nilitikisa kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ni kazi ngumu, kutikisa kichwa hivyo bila kucheka kwa furaha.

4 Oktoba

Amerudi. Ngozi imefunga juu, lakini chini kuna kitu kinaiva. Kidole gumba kimevimba kama ndizi.

"Kinapiga," akasema. "Sawa vile kina moyo yake."

Nimempa tetra za kumeza, nikafungua nyingine juu ya pale palipopasuka.

11 Oktoba

Mvua. Amekuja tena. Nimempa tena.

15 Oktoba

Mvua. Nimempa tena, na Bactrim juu yake.

16 Oktoba

Milio ya bunduki upande wa Nyabiondo. Wateja wananunua chumvi tu. Watu wakiwa na hofu hununua chumvi, na sijawahi kujua kwa nini.

22 Oktoba

Leo nimempeleka mwenyewe kwenye kituo cha afya. Muuguzi pale ni Emérita, mwanamke mfupi anayeongea na wagonjwa kwa upole, na wenye maduka bila upole. Alifungua kitambaa, akanusa, akafunga macho kidogo.

"Nani alimwaga hii unga?"

Mama Nyirabagenzi akajibu haraka, kwa kujivuna. "Papa Eugène. Hakuniomba hata faranga."

Emérita akanivuta nje, chini ya bati, mvua ikipiga.

"Papa, ile mukono ni ya jembe. Ile mama analima shamba ya watu. Kidole gumba ikienda, jembe inashikwa na nini? Na meno?"

"Ni dawa ileile mnayotoa hapa," nikasema.

"Nimemupatia amoxi wiki mbili hizi, kitambaa alikataa nifungue mpaka leo, haikufanya kitu. Kuko kitu haiko sawa." Akanitazama. "Bienvenu anashuka Goma kesho. Nitamupa usaha abebe, laboratwari iangalie."

Nilifurahi, nikasema ni wazo zuri. Nasema kweli, nilifurahi. Sikuwa nimeunganisha chochote. Kichwa cha muuza duka huunganisha vitu vinavyouzwa pamoja tu: sukari na chai, betri na redio.

25 Oktoba

Ndugu wawili kutoka Lushebere-juu wamekuja kumwomba Depite. Jike zao ziko tayari. Nimewapa.

9 Novemba

Bienvenu amepiga simu. Nilipanda juu ya kilima nyuma ya duka ili kupata mtandao, na mvua ilikuwa imepumzika. Nitaandika maneno yote, maana nikiyaacha yalale nitayapamba.

"Papa Eugène, ile Depite yako inakula nini?"

"Si nilikuambia, vitamini."

"Papa Eugène." Kijana ana adabu. Alinisubiri kama mtu anavyomsubiri mzee afunge kifungo cha suruali.

"Tetra," nikasema. "Bactrim. Ampi, ikibaki."

"Kila siku?"

"Jumapili hapana. Jumapili tunachelewa misa."

Hakucheka. "Wadudu wa ndani yake wamezoea, Papa. Tumewawekea tetra, wamekula sawa sombe ya muhogo. Bactrim, vile vile. Ampi na amoxi ni ndugu. Kumbe zote wamezoea. Kidonge kimoja kimoja, kila siku, ni kuwasomesha. Wazaifu wanakufa, wale nguvu wanabaki na wanazaa."

"Na usaha ya mama?"

"Wadudu ni wale wale. Jino njo liliwaingiza."

Nikakaa kwenye jiwe lililolowa. "Sasa unga wangu..."

"Unga yako iliwafagilia kiwanja. Iliua wengine wote, hawa wakabaki peke yao."

Nikatafuta pa kujificha, nikauliza kuhusu nguruwe za mama, zile za bio. Nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba nazo zimeharibika kwa sababu yake mwenyewe.

"Zile pia ziko nao. Hajazipa dawa hata siku moja, namuamini. Lakini wadudu hawaulizi kama nyumba ni ya bio. Wanatembea na Depite. Kila nyumba yenye Depite alilala, nimewakuta. Kwenye hakufika, wako kidogo sana."

Alisema imebaki sindano ya aina moja tu, ambayo wadudu hawa hawajaizoea. Ianze mapema. Nikamshukuru. Nilishuka kilima polepole, na njiani nikakutana na watu watatu, wote wakaniita munganga.

10 Novemba

Depite amekula machicha matupu. Amenitazama, akangoja.

11 Novemba

Nimemwambia Emérita kuhusu sindano, nikasema Bienvenu amepiga. Sikusema mengine. Anazo chache, lakini majeruhi wa risasi wanaletwa kila siku. Ameanza kumchoma mama.

13 Novemba

Nimemtembelea Mama Nyirabagenzi. Nilibeba chumvi. Nilikaa, tukaongea juu ya mvua. Sikusema.

15 Novemba

Nilibeba sukari. Uvimbe umeshuka kidogo. Alinishukuru. Sikusema.

17 Novemba

Sabuni. Sikusema. Nilipotoka alinisindikiza mpaka njiani, mkono umening'inia kifuani kwa kitambaa, akasema, "Papa Eugène, unachoka ju yangu." Nikasema hapana, hapana. Nikajikwaa kwenye mzizi.

Zamani nilidhani yule mama ni mshamba mwenye bahati ya wazungu. Sasa naona ni mtu anayepokea chumvi yangu kwa mikono miwili ingawa mmoja unamuuma.

20 Novemba

Redio imesema Goma imeanguka. Barabara ya Sake imefungwa. Watu wanapita na magodoro kichwani, wengine wanakuja huku, wengine wanatoka huku, na wanapishana bila kuulizana nani amekosea. Emérita amepita dukani, hakusalimia.

"Sindano zimeisha. Nilikata kwa Mama Nyirabagenzi katikati. Haifai kukata katikati, lakini niko na mutoto wa risasi ya tumbo."

Kyakimwa akasema, "Walikale kuko ndege." Ni kweli. Kuna Mnande mwenzetu kule, Stéphane, bidhaa zake huja kwa ndege kutoka Bukavu, na dawa pia. Nikasema barabara ni mbaya. Akaniuliza, bila kuinua sauti, "Papa Kétsia, ile asubuhi ya vitamini, ulidhani mimi ni kiziwi?"

Kesho naondoka.

Walikale, 24 Novemba

Siku tatu kwenye pikipiki, nusu yake pikipiki ikiwa juu yangu. Matope hadi kiuno. Kwenye kizuizi kimoja, askari mmoja (sijui wa kundi gani, na sikuuliza) alinisimamisha kwa kamba iliyofungwa kwenye mianzi.

"Mzee, unaenda kutafuta nini Walikale? Dhahabu?"

"Dawa."

"Ya muke yako?"

"Hapana. Ya mama mumoja wa kwetu."

"Sasa unateseka hivi ju ya nini?"

Nilikuwa na nafasi. Mtu nisiyemjua, ambaye sitamwona tena, msitu pande zote. Nikamwambia, "Ni mteja wangu." Akacheka, akasema anataka kununua kwenye duka kama langu, akafungua kamba.

Sindano nimezipata. Stéphane amenisifu kwa wafanyakazi wake: tazameni, mzee anakufa kwa ajili ya jirani. Nilikula kuku wake kwa kichwa kilichoinama, akadhani nimechoka.

Lushebere, 28 Novemba

Nimefika jana. Kidole gumba walikikata juzi, hospitali ya Masisi. Daktari alisema wangengoja, ungeenda mkono wote. Sindano zangu zimeokoa kilichobaki. Ndivyo alivyosema Emérita, naye si mtu wa kupamba. Mkono una vidole vinne na umefungwa kitambaa cheupe.

Mama amenitumia shukrani. Sikwenda.

2 Desemba

Kiongozi wa kwaya anataka nisimame tena kanisani kwa sababu ya safari ya Walikale. Nimesema nina homa. Tarehe nimeshaiandika.

5 Desemba

Mvua.

8 Desemba

Watu wawili wamekuja kumwomba Depite. Nikasema ni mgonjwa. Anang'aa kama kawaida, wakamwona, wakaniangalia.

12 Desemba

Mwingine. Mgonjwa. Kyakimwa amesema mimi ndiye wa kwanza kumzulia nguruwe ugonjwa baada ya kumpa dawa bila ugonjwa.

19 Desemba

Nimemaliza rafu ya juu. Dawa zote za zamani nimempelekea Emérita aziharibu. Alizipokea, akazitazama tarehe, moja moja, kwa muda niliouona mrefu.

25 Desemba

Noeli. Kanisani nilikaa nyuma, karibu na mlango. Niliona mkono wa Mama Nyirabagenzi wakati wa kupeana amani. Anatoa wa kushoto.

27 Desemba

Jike wa Mama Nyirabagenzi amezaa. Ametuma mtu: mwenye dume aje achague.

Nilimwambia Kyakimwa sitakwenda, sistahili mtoto wa kamba. Akasema, "Usipoenda unamutukana mara mbili." Nikavaa koti.

Banda lake ni safi, nyasi kavu, na jike amelala ubavu, watoto wanane wamejipanga kama vidole. Mama alikuwa amechuchumaa, kipande cha uzi wa mgomba mezani pake, yaani juu ya goti.

"Chagua," akasema.

Nikanyoosha kidole kwa yule mdogo kabisa, aliyesukumwa pembeni.

"Papa Eugène, usinichekelee. Chagua sawa mwenye dume."

Mkono wangu haukupata pa kwenda. Nikasema, "Mama, ile siku ya kwanza. Ule unga..."

"Najua ya unga."

Nikaegemea nguzo ya banda.

"Bienvenu alinipigia mimi pia. Si alipima nguruwe yangu? Siku ileile yenye alikupigia. Nimejua hata mbele, ukiwa bado kuleta chumvi."

Mvua ilianza tena juu ya majani ya banda. Jike akakoroma.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mimi njo niseme?" Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nilikuwa nangoja. Ukaleta chumvi, nikasema, leo atasema. Ukaleta sukari. Ukaleta sabuni. Ukaenda mpaka Walikale. Nikamuambia Emérita, huyu mwanaume anaweza kuvuka pori yote ju ya kukimbia neno moja."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nitaona. Mbele yangu kuko wengine. Wale wa Lushebere-juu wenye ulipatia Depite, wako na watoto, na wale watoto wanacheza na nguruwe. Siku mutu atajikata, Emérita ajue mapema. Utapita kila nyumba. Useme kwa mudomo yako. Na usibebe chumvi."

Nikasema nitapita, kuanzia kesho. Akaitika, kama mtu aliyesikia bei na bado hajakubali.

"Hoteli je?" nikauliza.

"Nimewaambia iko na wadudu ya kuzoea dawa. Wamesema basi haiko bio." Akacheka kidogo, kwa pua. "Sasa niko masikini wa kawaida."

Kisha akamkamata yule mtoto aliyenona, wa kwanza kwenye chuchu ya mbele, ambaye ningemchagua mwaka jana bila aibu. Akambana kwenye paja kwa mkono wa kushoto. Kwa ule wa kulia akauzungusha uzi mguuni, mara moja, mara mbili, na kila alipotaka kukaza, uzi uliteleza kati ya vidole vinne. Nilitazama ukuta. Alijaribu tena. Sisi sote wawili tunajua desturi: mwenye jike ndiye hufunga, mwenye dume hagusi.

"Kuja," akasema.

Nikapiga magoti kwenye nyasi. Mtoto alikuwa wa moto, anapigapiga mguu. Nikashika ncha mbili za uzi, nikapiga fundo, nikalibana kwa kidole gumba, kilekile cha kufungulia tetra.

"Kaza," akasema.

Nikakaza.